Baiskeli ya Bihogo

Kuku alikuwa amelalia mayai juu ya baiskeli ya mtuhumiwa, na Inspekta Revelian, aliyepanda kilima kizima kuja kuikagua baiskeli hiyo, alijikuta anakaguliwa yeye.

Baiskeli ilikuwa nyeusi, ya kubebea mizigo, imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Juu ya keria lilifungwa kreti la mbao la kuwekea vidumu vya maziwa. Humo ndani, juu ya majani makavu ya migomba, tetea alikuwa amejitandaza kama mwenye nyumba, anamtazama Inspekta kwa jicho moja lisilo na adabu.

"Huyu ameanza kuatamia lini?" Revelian aliuliza.

Kemigisha, mke wa mtuhumiwa, alikuwa akikamua ng'ombe upande wa pili wa ua. Alijibu bila kuacha kazi. Kuku alipanda humo wakati wanachuma kahawa ya mwisho. Mumewe alitaka kumshusha, yeye akakataa, kwa sababu wa mwaka jana alishushwa akayasusa mayai yote yakaoza. Tangu hapo maziwa yanakwenda sokoni juu ya kichwa. Na kichwa chenyewe, aliongeza, si cha mume wake.

Revelian aliingiza mkono chini ya kuku, akadonolewa, akatoka na yai. Aliliinua kwenye jua la asubuhi na kulizungusha kati ya vidole. Lilikuwa jeusi lote, isipokuwa kijiwazi kidogo cha hewa upande wa juu. Kifaranga kilishajaa, kinangoja siku zake chache kipasue ganda. Alilirudisha yai, akadonolewa mara ya pili, akainama kutazama magurudumu. La nyuma halikuwa na upepo. Buibui alishafunga uzi kutoka kwenye spoku hadi ukutani.

Basi baiskeli hii haikutoka hapa Jumamosi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumamosi jioni, Egbert, kijana aliyekuwa akiwaongoza watalii wa baiskeli kando ya Ziwa Rwensinga, alikutwa chini ya genge kwenye bonde la kijito cha Kanyonza, kichwa kimepasuka. Sasa yuko hospitali, anapumua, hajafumbua macho. Jumapili, Koplo Ambrose alimkamata Muhangi, mfugaji wa kilima hiki, ambaye kuanzia Isingiro hadi Kamuli watu wanamwita Bihogo. Koplo alikuwa na sababu tatu, na aliziona nzito. Muhangi na waendesha baiskeli walikuwa na ugomvi wa njia. Shati la Muhangi lilikuwa na damu. Na mzee mmoja, shahidi asiye na ugomvi na mtu, alisema aliona baiskeli ya Bihogo ikitoka mbio katika bonde lile.

Kesho asubuhi Muhangi alikuwa apelekwe mahakamani kwa kosa la kujaribu kuua. Mtu akishaingia huko kwa kosa kama hilo, kutoka kwake si leo wala mwezi ujao.

"Shati," Revelian alisema. "Niambie la shati."

Kemigisha alisimama na kibuyu chake cha maziwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na uso wake ulionyesha kwamba hakulala. Alieleza kwamba mume wake ndiye aliyemwona Egbert kule chini wakati anarudisha ng'ombe. Alimtoa kwenye mawe, akambeba hadi barabara kuu, akasimamisha gari.

"Alimbeba vipi?"

"Mgongoni, afande. Kama mtoto."

Revelian aliliona shati lile kituoni jana usiku. Damu ilikuwa nyuma ya kola na kwenye bega la kushoto. Mbele lilikuwa safi. Ambrose aliona damu, hakutazama imekaa wapi. Tena kulikuwa na swali ambalo hata mtoto wa darasa la pili angeliuliza: mtu aliyekuja bondeni na baiskeli ya keria, ana haja gani ya kumbeba mgonjwa mgongoni kupanda mlima ule?

"Bihogo, tulia basi," Kemigisha alisema.

Mkono wa Revelian ulikwenda kwenye pingu wenyewe. Alizunguka nyuma, akatazama mlangoni, akatazama migombani. Hapakuwa na mume. Palikuwa na ng'ombe tu, mwenye pembe ndefu kama mlango wa kanisa, anarusha mateke.

Mama yule alicheka, mara yake ya kwanza tangu juzi. "Unamtafuta nani, afande? Bihogo ni huyu. Mume wangu ni Muhangi."

"Wote wawili mmewaita jina moja?"

Alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekula ndizi na maganda. Alimweleza polepole. Bihogo si jina la mtu. Ni rangi. Ng'ombe mwekundu wa kuiva, ule wekundu unaokaribia weusi kama udongo wa kichuguu uliolowa mvua, ndiye bihogo. Mumewe alizaliwa mwekundu wa ngozi, bibi yake akamtania kwamba amezaliwa ndama wa bihogo, na utani ukamng'ang'ania.

Revelian alikuwa mtu wa Kamachumu. Kwao ng'ombe alikuwa mmoja, amefungwa nyuma ya nyumba, kazi yake kutoa samadi ya migomba, na rangi yake hakuna aliyeiuliza. Alimwangalia ng'ombe yule kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa nini Egbert angetaka kugombana na Muhangi.

"Egbert?" Kemigisha alisema. "Egbert alikuwa upande wetu."

Hapo yakatoka yote. Bwana Rwegoshora, mwenye kambi ya baiskeli, alikuwa ameomba kijiji kimpe ufukwe wote kuanzia mafunjo hadi bonde la Kanyonza, ajenge vibanda vya wageni na njia ya baiskeli peke yake, ng'ombe wasipite. Alimwambia mwenyekiti kwamba wafugaji wamekubali. Hawakukubali. Egbert alikuwepo siku walipokataa, na mama yake ni mtoto wa wafugaji. Aliapa kwamba mkutano wa kijiji ukifika atasimama aseme alichosikia.

"Mkutano ni lini?"

"Leo alasiri," Kemigisha alisema. "Egbert yuko hospitali. Mume wangu yuko kwenu. Nani atasimama?"

Revelian alishuka kilima akiwa anapiga simu. Alimuuliza Koplo Ambrose swali moja: mzee Mwebesa, yule shahidi, alisema maneno yale kwa Kiswahili? Koplo akajibu kwamba mzee hajui Kiswahili zaidi ya kusalimia. Alisema kwa Kinyambo, na yeye Ambrose ni mtu wa Songea.

"Nani alikutafsiria?"

"Bwana Rwegoshora, afande. Mstaarabu sana. Alijitolea mwenyewe."

Inspekta alimwambia achukue pikipiki, azungukie barabara ya juu, amngoje kwenye daraja la magogo la Kanyonza, na asiongee na mtu yeyote. Akazima simu.

Kambi ya baiskeli ilikuwa chini ya mikaratusi, mahali ziwa linapoingia nchi kavu kama kiganja. Rwegoshora alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mkavu, misuli ya miguu kama kamba, kofia ya kitambaa kichwani, na maneno yake yalikuwa yamepigwa pasi. Alisikitika kuhusu Egbert. Alisikitika pia kuhusu Muhangi, kwa sababu chuki ni kitu kibaya, na mtu mwenye chuki ni wa kuombewa.

Revelian alimkubalia yote. Alisema yuko pale kumaliza kazi tu, na kwamba hakimu hupenda polisi aliyefika mwenyewe mahali pa tukio. Angependa apite njia ile ile aliyopita Egbert, kwa baiskeli, na mwenyeji akipenda amwonyeshe.

Mwenyeji alipenda. Alitazama saa yake, akataka kujua kama watakuwa wamerudi kabla ya mkutano. Revelian alimhakikishia kwamba watafika mkutanoni kwa wakati.

Baiskeli zilipangwa kwa mstari, zote za bluu. Ndiyo alama ya kambi, Rwegoshora alieleza. Mgeni akiwa mlima ule na wewe mlima huu, unamjua kwa rangi. Revelian alizipitia taratibu kama anayechagua mbuzi wa sikukuu. Nyingi zilikuwa na bluu ya kiwandani, nati zake zinang'aa, kengele zake nyeupe. Ile aliyoishika Rwegoshora mwenyewe, nzuri kuliko zote, ilikuwa ya bluu hadi kwenye vichwa vya nati. Kengele ya bluu. Hata vumbi la kwenye spoku mbili tatu lilikuwa la bluu.

"Hii yako mpya?" aliuliza.

"Imetoka Mwanza juzi juzi."

"Jumamosi ulikuwa nayo bondeni?"

Rwegoshora alitikisa kichwa. Jumamosi hakutoka kambini. Alikuwa akiwachomea wageni samaki, na wageni walipoondoka na gari lao, alilala. Egbert alikwenda kwao peke yake kwa njia ya bonde, kama kila jioni.

Wakapanda.

Inspekta hakuwa mwepesi. Kiti kilimlalamikia na yeye akakilalamikia. Lakini njia ilikuwa nzuri, hilo hata adui wa Rwegoshora asingekataa. Ilifuata ukingo wa ziwa, udongo mwekundu umeshindiliwa na kwato na matairi, mafunjo mkono wa kushoto yanapiga kelele za ndege. Maji yalikuwa yametulia hadi vilima vya ng'ambo vinaonekana mara mbili. Viboko walikuwa wamezama, wameacha masikio tu. Mwenyeji alikuwa mbele, anapiga pedeli kama anayetembea, na kila kona alikuwa na maneno yake. Hapa mgeni husimama kupiga picha. Hapa mama wa Kituntu alidondosha simu ziwani akalia kama amefiwa. Hapa akipata kibali ataweka vibanda, kila kimoja na kibaraza chake.

"Na ng'ombe watanywa wapi?" Revelian aliuliza, akihema.

"Ng'ombe ana miguu minne, Inspekta. Ataenda mbali kidogo."

Njia iliacha ziwa na kuingia kwenye mabonde. Vilikuwa vijito vitatu, vinashuka toka kwenye nyanda za juu kama vidole, na njia ilivivuka kimoja baada ya kingine, chini, juu, chini, juu. Kwenye cha kwanza walipita maji kwa miguu. Kwenye cha pili Revelian alishuka akaisukuma baiskeli mlima mzima, na mwenyeji akamngojea juu kwa adabu kubwa iliyokuwa na kicheko ndani yake. Alisema watu wa migomba wana nguvu za mikono, miguu wamemwachia Mungu.

"Kweli," Revelian alisema. "Hata ng'ombe hatuwajui."

Walikuwa wametokea kwenye majani ya wazi. Mbele yao kundi lilikuwa linashuka pole pole kwenda kunywa, pembe zimejaa njia. Revelian alijipangusa jasho na kuuliza kama ni kweli wafugaji wana jina kwa kila ng'ombe, au ni hadithi tu za kuwafurahisha wageni.

Rwegoshora alivuta pumzi, akasimama wima. Lilikuwa swali alilolijua. Kila wiki aliwajibu watalii swali hilo na kupigiwa makofi.

"Si kila ng'ombe. Kila rangi," alisema. "Baba yangu alikuwa na kundi, mimi nimekulia kwenye mkia wa ng'ombe. Wewe unaona wekundu na weusi. Mimi naona watu. Yule wa mbele, kama chai ya maziwa, ni gaju. Yule wa madoa meusi na meupe ni mayenje. Yule aliyechanganyika mabaka makubwa ni ngabo. Na yule mama lao kule nyuma, tazama anavyowaka, yule ni bihogo kam..."

Neno lilishatoka kabla hajaliona. Lilikaa pale hewani, na jua likaliangaza.

"Ni nini?" Revelian aliuliza.

"Ni mzuri," Rwegoshora alisema. Akapanda baiskeli yake haraka, akalipita kundi kando, akaanza kueleza habari za viboko, ingawa viboko waliwaacha mabonde mawili nyuma.

Bonde la Kanyonza lilikuwa refu na jembamba kuliko mengine. Njia ilishuka kwa kukunjakunja hadi kwenye daraja la magogo. Upande mmoja mlima, upande mwingine genge la mawe na maji yanayonong'ona chini. Hapo ndipo Egbert alipoangukia. Koplo Ambrose alikuwa ng'ambo ya daraja, amekaa juu ya pikipiki kama alivyoambiwa. Na juu ya mteremko, ameegemea fimbo yake kwa goti lililokunjwa, alikuwa mzee Mwebesa, mwenye lile kundi walilolipita, na ng'ombe zake nyingine.

Revelian aliweka baiskeli chini, akapanda hadi kwa mzee, akamwamkia. Alisema naye kwa Kihaya, mzee akajibu kwa Kinyambo. Lugha hizo ni ndugu, hugombana kwa maneno machache tu. Rwegoshora alifuata nyuma, baiskeli yake mkononi, na kujitolea kutafsiri. Revelian alimshukuru na kumwomba apumzike.

Alimwomba mzee aseme tena aliyoyaona Jumamosi.

Mzee hakuwa na haraka. Alikuwa palepale aliposimama sasa. Jua lilikuwa limeinama, na aliwaona watu wawili njiani wanabishana, mikono inakwenda juu. Sura hakuziona, macho yake sasa ni ya kuona ng'ombe. Aligeuka kumrudisha ndama, na alipotazama tena palikuwa na mtu mmoja, anapanda mlima mbio kuelekea ziwani. Alidhani yule mwingine ameshavuka daraja. Mtu yule alikuwa juu ya *egaari ya bihogo*.

"Baiskeli ya bihogo," Revelian alirudia. "Ya nani, tata?"

Mzee alimshangaa. "Nitajuaje ni ya nani? Nilikuwa huku. Nimesema bihogo." Aliinua fimbo na kumwonyesha yule ng'ombe mwekundu wa kuiva aliyekuwa anateremka kwenda majini. "Kama yule."

Halafu akauliza jambo ambalo lilikuwa linamsumbua. Alisikia polisi wamemchukua Muhangi, na ng'ombe za Muhangi zimelia kiu siku mbili. Nani huyo aliyesema alimwona Muhangi hapa?

Revelian hakutafuta njia ya kulizunguka. "Wewe, mzee."

Mzee Mwebesa alishusha fimbo. Kisha macho yake yalikwenda taratibu kwa mtu aliyesimama nyuma ya Inspekta, yule aliyekaa baina yake na polisi siku ya Jumapili akigeuza maneno.

"Mimi nilitaja rangi," alisema.

Rwegoshora alicheka kidogo, kicheko cha kulainisha mambo. Akasema kwa Kiswahili kwamba kama ni hivyo basi pole yake, alisikia vibaya. Neno moja tu. Muhangi kila mtu anamwita hivyo. Mtu anaweza kukosea.

"Mtu wa migomba anaweza," Revelian alisema. "Mimi ningekosea. Koplo wangu wa Songea amekosea, na amekosea kwa sababu yako. Wewe umekulia kwenye mkia wa ng'ombe. Umenitajia kundi zima sasa hivi, hukukosea hata mmoja. Ulipofika kwa bihogo ndipo ulimi ukakwama."

"Hiyo si kesi, Inspekta."

"Bado. Nipe baiskeli yako."

Rwegoshora hakuitoa. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye pedeli. Alitazama mbele, kwenye daraja, akamwona Koplo anashuka kwenye pikipiki. Alitazama nyuma, kwenye njia ya kurudi ziwani, na njia hiyo ilikuwa imejaa. Lile kundi la juu lilikuwa linateremka majini, bega kwa bega, pembe kwa pembe, linajaza bonde ukuta hadi genge, na ng'ombe anayekwenda kunywa hampishi mtu. Mzee Mwebesa aliwapigia mluzi mmoja mfupi, wakakaza mwendo.

Mguu ukatoka kwenye pedeli, ukakanyaga majani.

Revelian aliilaza baiskeli kwenye majani. Chini, pale mnyororo unapopita karibu na fremu, mafundi wengi hufunga ukanda wa tyubu kuukuu ili mnyororo usikwaruze rangi. Wa baiskeli hii ulikuwa umefungwa vizuri, raundi juu ya raundi, na nao ulikuwa umepuliziwa bluu juu kwa juu. Mpulizaji alikuwa na haraka, hakuufungua. Revelian alitoa kisu chake, akakata fundo, akaukunjua mpira.

Chini yake fremu ilikuwa nyekundu ya kuiva, ule wekundu unaokaribia weusi, kama udongo wa kichuguu baada ya mvua.

Hakuwahi kujua rangi hiyo ina jina hadi asubuhi ile. Alisogea pembeni ili mzee aone. Mwebesa aliinama, mkono juu ya goti, akatazama kwa makini kama anayekagua ndama aliyepotea na kurudi.

"Ni yeye," alisema.

Koplo Ambrose alishafika. Alitazama fremu, akamtazama ng'ombe majini, akatazama tena fremu, na shingo yake ikaanza kutoka jasho. Alianza kusema kwamba yeye hajui Kinyambo, kwamba alidhani...

"Najua," Revelian alimkata. "Umetoka Songea. Ndiyo maana bado una kazi. Mfunge pingu."

Rwegoshora aliinyoosha mikono mwenyewe. Maneno yaliyopigwa pasi yalimwishia. Alikuwa anatazama genge, si watu.

"Nilimwambia anyamaze tu," alisema. "Kitu gani kunyamaza? Angenyamaza siku moja, baadaye ningempa sehemu. Alinicheka. Nikamsukuma, si kwa nguvu."

"Ukamwacha kwenye mawe."

Koplo alifunga pingu.

"Muhangi hakumwacha," Revelian alisema. "Twende. Nilikuahidi tutafika mkutanoni kwa wakati."

Walifika, wakiwa wamepitia kituoni. Uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa, wakulima upande wa kivuli, wafugaji juani. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusoma ombi la ufukwe, na alipofika mahali pa kusema kwamba wafugaji wote wameridhia, gari la polisi liliingia. Kwanza aliteremka Koplo. Kisha akateremka mtu mwembamba, mwekundu wa ngozi, shati la kuazima limempwaya, mikono yake haina pingu. Aliyebaki garini na pingu ni Rwegoshora. Kemigisha alikuwa mbele pale na wanawake wengine. Hakukimbia wala hakulia. Alisogea akampisha nafasi kwenye benchi, naye Muhangi hakukaa.

Revelian alibaki pembeni, ameishika baiskeli ya bluu yenye kidonda chekundu chini ya mnyororo. Baiskeli ilikuwa kielelezo sasa, hakuweza kuiacha popote. Miguu ilimuuma kuliko alivyotaka mtu ajue. Simu kutoka hospitali ilisema Egbert bado hajafumbua macho, ila alikuwa ameminya kidole cha mama yake. Hilo lilikuwa la kesho.

Mwenyekiti aliweka karatasi chini. Aliuliza kama kuna mwenye la kusema kabla ya kupiga kura. Muhangi aliinua mkono.

"Taja jina lako," mwenyekiti alisema, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka, hata kama mnajuana tangu utotoni.

Upande wa kivuli kijana mmoja aliropoka kabla yake. "Si ni Bihogo huyo."

Watu wakacheka. Muhangi aliwangoja wamalize. Alimtazama mke wake, akamtazama mzee Mwebesa aliyekuwa amesimama mbali kidogo, ameinamisha kichwa, hathubutu kusogea. Akamwita kwa mkono aje akae karibu, kwenye nafasi yake mwenyewe ya benchi. Mzee alipokwisha kukaa, ndipo Muhangi akaugeukia mkutano.

"Naitwa Muhangi," alisema. "Bihogo ni ng'ombe, na amekuja kuulizia maji yake."